Vidato Arubaini vya Bi Tamima

Kitu cha kwanza nilichokiona kwa Bi Tamima kilikuwa viatu. Alivaa nguo nyeupe za eda, lakini miguuni alikuwa na mabuti ya mwanamume, kamba zimekazwa hadi vifundoni. Alikuwa akipanda ngazi za nyumba yake huku akihema.

"Shikamoo, Bi Tamima."

"Marahaba, mwanangu. Nsubiri hapo hapo mlangoni, hapo Jammu, nnashuka."

Mwaka huo wa 1954 nilikuwa nimemaliza chuo cha ualimu, na mama alinituma nimpelekee atlasi yangu. Mume wa Bi Tamima, marehemu Bwana Darwesh, alipokuwa kijana alifuatana na mchuuzi wa shali hadi Kashmir, akashikwa na homa milimani. Aliweka nadhiri kwamba akipona atarudi kulifunika kwa kitambaa cha kijani kaburi la walii mmoja, juu ya kilima kinachotazama ziwa. Alipona. Akarudi Unguja, akaoa, na kila mwaka akasema "mwakani", mpaka akafa. Kitambaa Bi Tamima alishakidarizi, na alikusudia kukipeleka mwenyewe.

Kwa kuwa mwenye eda hatoki nje, safari yote aliileta ngazini, kuizoeza miguu. Mlangoni ni Jammu. Kidato cha kumi na mbili, penye mtungi, ni chemchemi ya kutawadhia. Penye dirisha dogo ni kipito cha milimani cha Banihal, kwenye theluji. Kidato cha arubaini ni kaburini. Hapo huvua mabuti.

"Wifi, jana umefika kwenye theluji ukarudi kunywa chai," alitania Bi Mwatum, dada wa marehemu, kutoka jikoni.

"Na wewe umeshinda hapo jikoni tangu alfajiri, umefika wapi?"

Nilipomwonyesha Kashmir kwenye atlasi, ukucha wake uliifunika yote. Akaniuliza, "Ndiyo hii aliyoisimulia miaka thelathini?"

Kilichomfunga kilikuwa mwezi. Darwesh alifariki magharibi ya mwandamo, kwa hivyo eda ilihesabiwa miandamo minne na siku kumi. Mwandamo wa nne baada ya huo wa kifo ukionekana Jumapili, eda ingekwisha Jumatano ya wiki ya pili, magharibi. Meli ya Bombay ilikuwa ikiondoka Alhamisi asubuhi. Usipoonekana, eda ingekwisha hiyo Alhamisi magharibi, meli imeshaipita Bububu. Meli nyingine ni baada ya mwezi mzima, na theluji ingekuwa imeshakiziba kipito.

Mabrouk, kaka wa Bi Tamima ambaye angesafiri naye, alimwambia mbele yangu, "Dada, ni siku moja tu. Nani atajua?"

"Ntajua mimi. Ntimize nadhiri ya mume wangu kwa kuivunja eda yake?"

Jumapili hiyo mawingu yalitanda tangu alasiri. Mabrouk alikwenda Forodhani kuutazama mwezi pamoja na watu wengine. Bi Mwatum hakutania tena. Aliiacha chai ipoe. Bi Tamima alikaa kidato cha kwanza, kitambaa cha kijani mapajani, mabuti miguuni.

Adhana ya magharibi ilikwisha. Tukasali pale pale ukumbini, tukarudi kukaa.

Nyayo zilikuja kichochoroni, zikapita.

"Si yeye," alisema Bi Tamima. "Mabrouk akiwa na habari hukimbia."

Zikaja nyingine, za taratibu, nazo zikapita. Kamba ya buti la kulia ilikuwa imelegea. Aliinama akaikaza, kisha akainua kichwa kuuelekea mlango.