Shamba Lenye Makaburi

Mdogo wangu anakusanya maziwa Kirua Vunjo tangu baba yetu alipofariki. Wanawake wenye ng'ombe wawili watatu humletea, naye huyapeleka Moshi kwenye migahawa. Ya asubuhi yaliuzika vizuri. Ya jioni ndiyo yaliyomtia hasara, maana yalilala bila ubaridi yakaharibika. Alihitaji tangi la kupozea, akaenda benki kuomba mkopo.

Walitaka dhamana. Mama akamtolea hati ya kihamba, shamba letu la ukoo, hati tuliyoihangaikia miaka mingi. Benki ikatuma mthamini. Nilikuwa likizo, kwa hiyo nilimwona mwenyewe: kijana mwenye adabu, akamwamkia mama shikamoo, akapima nyumba, akapima banda la ng'ombe. Alipofika mgombani nyuma ya nyumba, penye mimea ya masale tuliyopanda kuzunguka makaburi, alisimama.

"Hapa wamelala akina nani, mama?"

"Baba mkwe wangu, mama mkwe, na mume wangu."

Akaandika kitu, akakunja futi yake. Hakupima tena.

Baada ya wiki mbili nilimsindikiza mdogo wangu mjini kusikiliza majibu. Afisa mikopo, mwanamume wa makamo, alitusukumia hati yetu.

"Shamba lenye makaburi haliuziki. Mkishindwa kulipa, nani atalinunua?"

"Hujaniuliza nauza maziwa kiasi gani," mdogo wangu akasema.

"Hayo ni ya baadaye. Kwanza dhamana." Akafikiri kidogo. "Labda ukoo ukubali kuyahamisha. Wapo waliofanya hivyo."

Nilikasirika. Nikamwuliza yeye kwao ni wapi. Akasema Kibosho.

"Na kwenu mnazika wapi?"

Alijua, na mimi nilijua, kwamba Kilimanjaro nzima tunazika vihambani, hivyo alikuwa ameukatalia mkopo mlima mzima pamoja na mama yake mwenyewe. Badala ya jibu akaniuliza ninafanya kazi gani. Nikamwambia ni mwalimu wa shule ya msingi, serikalini. Uso wake ukachangamka.

"Sasa mwalimu, wewe tunaweza kukuhudumia hata wiki hii. Lete karatasi ya mshahara na barua ya mwajiri."

"Nikikopa, pesa nitampa huyu anunue tangi."

Akashusha sauti. "Usiandike biashara. Andika ukarabati wa nyumba. Itapita haraka."

Mimi sijawahi kuuza hata yai. Ningeweza kukopa ninunue makochi, na asingejali. Anayejua biashara, anayewalipa wanawake wa kijiji kizima kila Jumamosi, alikuwa amekaa pembeni yangu kama aliyekuja kunishikia mkoba. Tulipomweleza mama habari ya kuhamisha makaburi, hakupaza sauti. Aliendelea kumenya ndizi, kisha akauliza, "Huyo aliyesema hivyo ana mama?"

Nilikaa siku tatu nikikataa. Siku ya nne nilirudi benki nikaandika ukarabati wa nyumba, nikaweka saini, na niliuchukia mkono wangu.

Tangi lilikuja. Maziwa ya jioni sasa yanafika mjini yakiwa mazima, na mdogo wangu ameajiri watu wawili. Benki wananikata kwenye mshahara, yeye ananirudishia kila mwezi. Kwenye makaratasi yao hayupo kabisa.

Kiangazi kilichopita maziwa yalipungua, akachelewa kunilipa. Nilimpigia simu nikamwuliza, kwa ukali, kama alikuwa na mpango wa kulipa au hana. "Dada," akasema, "unaongea kama yule bwana wa mjini."

Nilikata simu. Kesho yake nilipanda Kirua nikamwomba radhi pale pale kwenye kibanda chake cha kukusanyia maziwa, mbele ya wanawake wanaomletea. Alinisamehe, akanipa kazi ya kuosha madumu. Niliyaosha huku bado nina hasira, na safari hii nilijua vizuri inamstahili nani: benki, si mdogo wangu.