Karo Nililolisafisha Likafa

Kijiji chetu cha ujamaa kilipopata zahanati, wenzangu walipewa kazi ya pamba na duka la ushirika. Mimi nilipewa karo la maji machafu, maana nilikuwa nimelichimba. Shule niliishia darasa la pili, sikufichi. Bwana Afya ndiye aliyenieleza: ni shimo refu la matofali lenye kuta mbili katikati, maji ya zahanati yanaingia huku, yanazunguka polepole, yanatokea kule kwenda mtoni. Ndani yake, alisema, mna wadudu wasioonekana wanaokula uchafu. Niliitikia ndiyo, ndiyo, lakini moyoni nilisema huyu amekunywa.

Likaja tangazo la wageni kutoka wilayani. Wageni wale walimaliza mbuzi wetu watatu, mmoja chongo, lakini hilo tuliache. Mimi niliona aibu kwa lile tope jeusi. Kwetu kibuyu cha maziwa husuguliwa kwa kijinga cha moto mpaka kinukie moshi, basi nami nikafanya vivyo hivyo. Nikazoa tope lote, nikasugua kuta kwa majivu, nikamalizia na dawa iliyobaki kwenye josho la ng'ombe. Wageni wakanisifu.

Wiki ya pili maji yalitoka kama yalivyoingia. Wanawake waliokwenda kuteka mtoni walirudi na ndoo tupu, wakinitazama. Bwana Afya akaja, akanusa, akauliza fundi wa matofali alikuwa nani. Sikumwambia kwamba nililisugua, Mungu anisamehe. Akasema atarudi baada ya Jumapili tatu; akikuta maji bado yananuka, zahanati inafungwa.

Mke wangu alikuwa na mimba ya miezi minane. Mtoto wetu wa kwanza alifia njiani, mama yake amebebwa kwenye machela ya miti kwenda Tarime. Hilo silisimulii kwa urefu.

Nikamwambia mama yangu kila kitu. Alikuwa akitikisa kibuyu cha maziwa, hakuacha.

"Mura, kijana wangu, kusafisha ulisafisha. Maziwa ya zamani ya kugandishia mapya uliyabakiza wapi?"

Ndipo nikaelewa maneno ya Bwana Afya: wadudu wake niliwazoa na tope, waliobaki nikawaua kwa dawa. Nililisuuza karo mara tatu, maji yale nikayamwaga kwenye shimo mbali na mto. Nikapanda baiskeli na madebe mawili hadi shule moja ya bweni upande wa Robanda, yenye karo la zamani. Mpishi wao alicheka mpaka akakaa chini.

"Mzee, wenzako huomba mbegu za mahindi. Wewe unaomba mavi?"

Nikamjibu ajaze tu.

Nilipolimwaga lile tope karoni nikakumbuka jambo jingine alilosema Bwana Afya: wadudu wale huzaliana kwa siku zao, na maji yakipita upesi kuliko wanavyozaliana, yanawafagia wote. Nikaziba mfereji wa kuingizia maji kwa udongo wa mfinyanzi, nikaacha upenyo wa kidole. Maji mengine ya zahanati niliyabeba kwa ndoo hadi lile shimo la mbali, kila siku, mabega yakachubuka. Siku nane, kimya. Ya tisa nikaona povu dogo kama dengu likipanda, ishara kwamba wadudu wako hai. Kwa furaha nikafungua mfereji nusu. Kesho yake harufu ikarudi, nikaziba tena. Zilikuwa zimebaki siku kumi. Nikawa naongeza kidole kimoja, nangoja, naongeza kingine.

Bwana Afya alifika Jumatatu asubuhi. Mke wangu alikuwa ameshikwa na uchungu tangu alfajiri, amekaa kwenye baraza ya zahanati, maana muuguzi aliambiwa asipokee mtu mpaka amri itoke. Bwana Afya akachota maji ya karo kwa chupa, akayainua juani, akayanusa mara mbili.

"Hayajawa safi, ila yanaelekea. Aliyeharibu ni nani?"

"Ni mimi. Nililisafisha."

Alinitazama, kisha akamtazama mke wangu pale barazani.

"Nakupa wiki mbili zaidi. Muuguzi, fungua mlango."

Binti yangu alizaliwa kabla ya saa sita. Mama yangu alipoitwa kumshika mjukuu, alipitia kwanza karoni, akainama, akahesabu mapovu.