Turubai la Mtu Aliye Hai

Siku mtaa wetu ulipopata habari kwamba mume wangu ametekwa, watu waliniletea kuni.

Sikuwa nimeomba kuni. Nilikuwa nimetoka mbio sokoni Soweto, hapa Mbeya, ambako nauza mchele, nikamwachia jirani wa meza mzani wangu, na kichwani nilikuwa na maneno machache tu niliyoambiwa kwenye simu. Mume wangu ni dereva wa malori ya kwenda Kongo. Mwenzake, aliyekuwa nyuma kabisa kwenye msafara, aliwahi kugeuza na kukimbia. Alisema watu wenye bunduki wamesimamisha malori kwenye msitu, wamewashusha madereva na kuondoka nao kwa miguu. "Shemeji, yuko hai. Nimemwona anatembea," alisema. Mengine aliyoyasema sikuyasikia.

Nilipofika nyumbani kuni zilikuwa zimeshatua. Zikafuata sufuria kubwa za kikundi chetu cha kufa na kuzikana, yakafuata majamvi, na mwisho likaja turubai la bluu, wanaume wakalifunga kutoka ukutani kwangu hadi kwenye mti wa parachichi wa jirani. Sisemi kwa kulaumu. Kwetu jambo likikufika huulizwi unahitaji nini. Msiba una utaratibu wake, harusi ina wake, kipaimara kina wake, hata mtoto wako akifeli mtihani kuna namna ya watu kupita na kutoa pole. Mtu kutekwa hakuna aliyewahi kutufundisha. Kwa hiyo akina mama walichukua utaratibu uliokuwa karibu, wakaja nao. Walikaa chini kwenye majamvi, khanga viunoni, wakanikalisha katikati yao.

"Wewe usiwaze kitu," mwenyekiti wa kikundi aliniambia, Mnyakyusa mwenzangu mwenye mikono mipana. "Sisi tupo. Tunakaaga hapa mpaka ieleweke."

Nililia begani kwake mpaka gauni lake likalowa. Nilishukuru siku ile na hata leo nashukuru. Ningekuwa peke yangu ningepasuka.

Jioni iliingia simu kutoka namba nisiyoijua. "Shikamoo mama," ilisema sauti ya mwanamke kijana. Akajieleza kwamba ni ofisa wa serikali na amepewa kazi ya kuzungumza na familia za madereva. Katika maisha yangu serikali imeniita mlipakodi, imeniita mjasiriamali, na mgambo mmoja wa soko aliwahi kuniita kwa jina la mnyama, ila kuniamkia shikamoo ilikuwa mara ya kwanza. Alisema hana jipya, lakini jambo linashughulikiwa, na akaniomba nisizungumze na waandishi wa habari. Nilimuuliza linashughulikiwa vipi. Akasema hilo hawezi kuniambia. Nikamwambia kama hawezi kuniambia basi asinipigie, nikakata simu.

Kesho yake jioni akapiga tena. Shikamoo mama, leo sina jipya.

Chini ya turubai, upande wa wanaume, mjadala ulikuwa hauzimi. Vijana wa bodaboda walitaka jeshi livuke mpaka leo hii hii, na ukiwasikiliza ungedhani wao ndio watakaotangulia. Mwalimu mmoja mstaafu alisema kimya kingi kina mshindo mkuu, tuiache serikali ifanye kazi yake. Vijana wakamjibu kwamba kimya kingine ni usingizi tu. Mzee mwenye duka la vifaa vya ujenzi, Mwislamu ambaye babu zake walitoka pwani na bado anakunywa kahawa chungu kuliko sisi wote, ndiye pekee aliyesema kwa sauti ya chini. "Ukitangaza kwamba kitu unakitaka sana, bei inapanda. Na hapa kitu chenyewe ni roho ya mtu." Redioni nako wasikilizaji walipiga simu kutwa nzima. Mmoja akisema serikali haijali madereva, mwingine akisema madereva wenyewe wanafuata hela, nani aliwatuma. Huyo wa pili nilitamani nimfahamu nimuuzie mchele wenye mawe.

Mimi mwenyewe nilikuwa upande wa wenye hasira. Nilitaka kusikia jina la mume wangu kwenye taarifa ya habari, kitu ambacho kingenionyesha kwamba huko juu wanajua kuna mtu, si namba tu ya lori. Taarifa ilisoma habari za mvua, za mbolea na za mpira, kisha ikaaga.

Halafu mpita njia mmoja akapiga picha. Sikumwona na sijui ni nani. Picha ilionyesha turubai la bluu, moshi wa kuni, na wanawake waliokaa chini na mimi katikati, nimeinama. Juu yake mtu akaandika kwamba dereva wa Mbeya ameuawa na serikali inaficha. Nani angebisha? Mtu yeyote wa nchi hii akiona picha ile anajua anachokiona. Ikazunguka kwenye makundi ya simu, na lisemwalo lipo, watu wakasema, kama halipo laja. Sijawahi kuichukia methali kama nilivyoichukia hiyo.

Asubuhi iliyofuata ofisa wangu alipiga, na safari hii hapakuwa na shikamoo.

"Mama, nani amefariki hapo kwako?"

"Hakuna aliyefariki."

"Turubai ni la nini?"

Nikaanza kumweleza habari za kikundi chetu. Akanikatiza kwa upole. "Mama, wale wanaowashikilia nao wana simu. Wanasoma tunachokisoma. Wakiona nchi imeshamzika mmoja wa mateka, watajiuliza wanamtunzia nani."

Nilirudi kwa mwenyekiti na kumwambia tufungue turubai sasa hivi. Alinitazama kama mtu aliyetukanwa, kisha akaniambia jambo ambalo nilipaswa kulijua mwenyewe. Kufungua turubai, kuzima moto na watu kutawanyika maana yake ni moja tu, kwamba matanga yameanuliwa na marehemu ameshazikwa. Aliyepiga picha ya kwanza angepiga ya pili. Kwa hiyo turubai likiwepo amekufa, likiondoka amezikwa. Tulikaa tukatazamana, wanawake wazima tuliowahi kupika kwa ajili ya watu mia tatu bila kuunguza, tusijue la kufanya.

Mchana ule mambo yalizidi. Kwanza likaja kundi la vijana wenye mabango, nusu yao siwajui, wakitaka niwatangulie kwenda ofisi ya mkoa. Mabango yalisema dereva ameuawa, tunataka maiti. Walikuwa wanalia kweli, wengine wao ni watoto wa madereva. Nilikuwa nimeshaanza kutafuta viatu, kwa sababu hasira yao ilifanana na yangu, niliposikia kilio kikipanda upande wa barabarani. Mama mkwe wangu alikuwa amefika kutoka Iringa.

Anaishi mtaa wa Mlandege, na picha ilimfikia kabla ya simu yangu. Majirani waliingia kwake na unga wakiwa wanalia, na mzee mmoja wa kanisa alimuuliza, kwa heshima zote, kaburi la mwanawe lichimbwe upande gani wa lile la baba yake. Alipanda basi la kwanza. Sasa alikuwa amesimama pembeni ya turubai, mdogo wa umbo, khanga nyeusi kichwani, na akina mama wote wamenyanyua sauti kumpokea kama inavyotakiwa. Yeye hakulia. Alingoja wachoke.

"Kamwene, mwanangu," alinisalimia kwa Kihehe. "Maiti umeiona?"

"Hapana, mama. Hakuna maiti. Serikali inasema yuko hai."

"Serikali ndo inasema, au wewe ndo unasema?"

Nilimfikiria yule binti wa kwenye simu, ambaye kila jioni alinipigia kusema hana kitu cha kusema. Mwongo hafanyi hivyo. Mwongo angekuja na habari.

"Mimi ndo nasema, mama. Yuko hai."

Akageukia majamvi. "Basi inukeni. Aliye hai haketiwi chini."

Mwenyekiti ndiye aliyekuwa wa kwanza kunyanyuka, akishika magoti, na wengine wakamfuata. Majamvi yalikunjwa. Mzee wa duka la vifaa aliagiza viti vya madrasa, kanisani kwetu wakaleta mabenchi, na akina mama wakaketi juu kama wageni wa harusi, wakionekana wamebanwa kidogo. Mama mkwe akavua khanga nyeusi, akaikunja, akaomba ya rangi. Kisha akauliza sufuria zina nini. Maharage, tukasema. Akasema maharage yasubiri, apikwe kuku, na kama kuna mwenye viungo vya pilau alete. Turubai likabaki pale pale lilipo, ila hapakuwa tena na mtu ambaye angeliona akafikiria kaburi.

Kwa vijana wa mabango alikwenda mwenyewe. Nilimfuata nikiogopa, kwa sababu vijana wenye hasira hawana mama. Aliwasalimia mmoja mmoja kwa mkono. "Wanangu, nawashukuru," alisema. "Hasira yenu ni nzuri, ningekuwa na miguu ningeenda na nyie. Lakini huyu wa kwenye bango hili amekufa, na mimi mwanangu yuko hai. Mnaandamana kwa ajili ya mtu gani?"

Mmoja wao, mrefu, aliyekuwa ameshika bango kubwa kuliko wote, alilishusha akalisoma upya kama hakuliandika yeye. Walikaa wakajadiliana. Mwishowe waligeuza makaratasi upande wa pili na kuandika kwamba tunamsubiri, arudishwe nyumbani. Wakala pilau, wakaenda ofisi ya mkoa, wakasema maneno hayo kwa sauti kubwa mpaka jua likazama, na polisi waliowasimamia waliwaacha waseme. Safari hii tulipiga picha wenyewe. Haikuenea haraka kama ile ya kwanza, habari njema haina mbio, lakini ilienea.

Jioni simu iliita. "Shikamoo mama. Nimeiona picha. Mmekaa vizuri. Leo sina jipya."

Simu ziliendelea hivyo, jioni kwa jioni, kwa muda mrefu kuliko nilivyodhani moyo unaweza kubeba. Mama mkwe alikataa kurudi Iringa. Akina mama walipeana zamu ya kuja kuketi kwenye viti, wakisuka, wakichambua mchele wangu, wakisutana. Kuna siku nilimfokea yule binti, nikamwambia serikali yake ina miguu ya konokono, akajibu kwamba anastahili kusemwa, na kesho yake akapiga. Hadi ikafika jioni moja aliyosahau kuniamkia tena, na mimi nikajua kabla hajasema, kwa sababu alikuwa analia huku anacheka. Wote wametoka. Wote wako hai.

Walitokaje, kila mtu ana lake. Wako wanaosema wazee wa kule walizungumza na watekaji, wengine wanasema ni viongozi wa dini, wengine wanasema serikali zote mbili zilibana njia. Siku ya kuwapokea uwanja wa ndege kulikuwa na hotuba ndefu mno kwa watu waliokonda namna ile, mume wangu akiwa amevaa ndala zisizolingana. Kiongozi mmoja alipongezwa, naye akampongeza mwingine. Nyuma yangu mtu alisema kwa sauti kwamba serikali haijafanya lolote, jamaa wamechoka kuwalisha wakawaachia. Ubishi huo upo sokoni hadi leo na mimi nauchangia. Nasema serikali ilichelewa kutuambia, na kimya chao kile ndicho kilichozaa uongo uliotaka kumuua mume wangu. Nasema pia kwamba mume wangu amelala chumbani kwangu. Vyote viwili ni kweli, na cha pili ni kizito zaidi.

Tulikwenda Mlandege kutoa shukrani. Baada ya ibada nyumba ya mama mkwe ilijaa, na yule mzee wa kanisa alimshika mume wangu mkono akashindwa kuuachia, wala hakutaja kilichokuwa kimempeleka pale siku zile. Mume wangu alikuwa uani anachoma nyama. Jioni ilipofika niliona mkono wangu umeshika simu wenyewe, kwa mazoea. Nikampigia yule binti, kwa mara ya kwanza mimi ndiye nikipiga.

Nilimshukuru kwa Kiswahili, nikamshukuru kwa Kinyakyusa, ndaga fijo, kwa sababu Kiswahili kilikuwa hakitoshi. Kisha nikamuuliza jambo lililokuwa likinisumbua. Kwa nini alikuwa anapiga kila siku wakati hana habari? Nani alimwagiza?

"Hakuna aliyeniagiza, mama. Nilijua huenda siku moja nitakupigia na habari mbaya. Nilitaka ikifika siku hiyo uwe umeshaizoea sauti yangu."

Nilibaki nimeshika simu sikioni. Uani mume wangu alikuwa anauliza chumvi iko wapi. Akauliza tena, nikatoka kumpelekea.