Nyumba ya Mwisho ya San Gervasio

Shangazi yangu Melchora Angelina alizika waume wawili na kugombana na mapadre watatu, na kijiji kizima cha San Gervasio kilikubaliana kwamba akihamia mbali kidogo hakuna atakayeumia. Ndiyo maana jumbe wetu, Gaspar Bonifacio, alipotafuta mtu wa kwenda kukaa kwenye nyumba ya mwisho, hakuzunguka sana.

Kisa chenyewe kilikuwa maji. Chemchemi iliyo nyuma ya kanisa, upande wa mawio, ilikuwa yetu tangu Wahispania hawajajua kwamba tupo. Halafu maradhi yakatupukutisha, mashamba yakabaki bila watu, na ng'ombe wa Don Fadrique, Mhispania mwenye shamba kubwa jirani yetu, wakaja kuangalia. Walipoona pazuri wakakaa. Don Fadrique naye, kwa kuwafuata ng'ombe wake, akagundua kwamba ardhi ile ni yake. Karatasi aliipata baadaye. Bila maji yale, mahindi yetu yalibaki kuitegemea mvua, na mvua ya huku haina haraka.

Sheria ya mfalme ilisema kila kijiji cha wenyeji kina haki ya ardhi yenye urefu wa kamba kumi na mbili za mpimaji kila upande, kuanzia nyumba ya mwisho. Mfalme alikuwa ng'ambo ya bahari, hakusema nyumba ya mwisho iwe wapi. Mimi ndiye niliyemsomea Gaspar Bonifacio sheria hiyo, maana nilikuwa karani na mkalimani wa kijiji. Aliniambia nisome tena pale penye nyumba, kisha akatuma watu wakakate nguzo.

Nyumba ilijengwa kwa siku mbili, udongo na majani, kando ya chemchemi. Ilitakiwa ifuke moshi na iwe na bata mzinga uani, ili mpimaji akija asiseme ni kibanda cha kumzuga. Wanaume wote walikuwa na sababu. Huyu mgongo, yule mama mkwe. Shangazi alikubali kwa sharti moja, kwamba siku ya kupima naye awepo na aulizwe. Alisema amechoka kusikia mambo yake kutoka kwa watu.

Mpimaji alichukua miaka tisa kufika.

Katika miaka hiyo nyumba iliangushwa mara nne. Lázaro, msimamizi wa Don Fadrique, mtu mpole kabisa akishuka farasini, alikuwa anakuja na wachunga ng'ombe wake, wanafunga kamba kwenye nguzo na kuvuta. Shangazi alitoa kwanza vyungu, jiwe la kusagia na wale bata, akakaa pembeni na kuwaelekeza ni nguzo ipi imelegea. Wakishaondoka anajenga upya, na kila akijenga anasogea hatua kumi mbele, kuelekea kwa Don Fadrique. Mara ya nne Lázaro alishtuka.

"We mama, hii nyumba yako mbona inatembea?"

"Inakukimbia wewe," Shangazi alimjibu. "Sema haina macho, haijui inakokwenda."

Lázaro alipiga hesabu ya hatua kimoyomoyo, akawaambia watu wake nyumba ile isiguswe tena. Hivyo ndivyo tulivyopata amani.

Mimi nilikuwa namtembelea Jumapili baada ya misa. Alinipa pombe ya mkonge na chapati za mahindi zenye pilipili, akanisimanga kwamba najua lugha mbili na sina la maana la kusema katika hata moja. Nilikunywa tu. Nilimpenda sana yule mama, na kwetu mtu kama huyo hajibiwi ovyo.

Mwishowe hakimu wa ardhi akafika, na mpimaji wake, na kamba iliyopakwa nta, ya vara hamsini, vara moja ikiwa kama hatua moja ya mtu. Alikuja pia na karatasi mpya. Sheria ilikuwa imebadilika. Wenye mashamba makubwa walimlalamikia mfalme kwamba nyumba za wenyeji zimeota miguu, naye akawasikia. Tangu sasa kipimo kitaanzia kwenye mlango wa kanisa. Nilisoma, nikatafsiri.

Mlango wa kanisa letu unatazama machweo. Chemchemi iko nyuma. Kwa hiyo kamba ilianzia mlangoni, ikapita katikati ya kanisa, ikapanda madhabahuni, ikatolewa dirishani na kuendelea. Kanisa lina urefu wa hatua thelathini na tano. Babu zetu walilijenga refu kwa sababu walikuwa wanachapwa. Kamba ya kumi na mbili iliishia hatua thelathini kabla ya maji. Jumbe aliomba wapime kuanzia ukuta wa nyuma. Hakimu alisema ukuta si mlango, akaonekana kusikitika kidogo, na masikitiko hayo pia nikayatafsiri.

Ukabaki utaratibu wa kumkabidhi Don Fadrique ardhi yake. Lázaro aling'oa majani kwa niaba yake, akarusha mawe, akatembea huku na huku mbele ya nyumba ya Shangazi, kama sheria inavyotaka. Baada ya hapo hakimu huuliza mara tatu kama kuna anayepinga. Kabla hajauliza alituvuta kando mimi na jumbe, akatuambia taratibu kwamba akitokea mpingaji kesi itafunguliwa upya, pande zote nne, na Don Fadrique ana mawakili wa kutosha mjini. Jumbe alinitazama. Alikuwa na shamba upande wa kusini. Mimi pia nilikuwa nalo huko.

Hakimu akauliza. Kimya. Akauliza tena. Kimya. Mara ya tatu Shangazi akatoka ndani na unga mbichi wa mahindi mikononi, akasimama mbele yake.

"Mimi napinga," alisema. "Nimekaa hapa miaka tisa. Maji haya ni ya San Gervasio. Dionisio mwanangu, mwambie vizuri, usiruke neno."

Hakimu akanigeukia. "Mama anasemaje?"

Nilimwambia mama anamtakia safari njema na anamwomba Mungu amlinde njiani.

Hakimu akavua kofia. Alisema angefurahi kama kila kijiji kingekuwa na mzee wa namna hii. Mwandishi wake akaandika kwamba swali limeulizwa mara tatu na hakuna aliyepinga, nami nikatia sahihi.

"Amesemaje?" Shangazi aliniuliza.

"Amesikia. Jibu litatoka mjini."

"Na kofia amevua ya nini?"

"Heshima, Shangazi."

Aliridhika, akarudi kwenye jiwe lake la kusagia. Niliona aibu siku ile na ninaiona bado. Sisemi hivyo ili nionewe huruma.

Nyumba iliangushwa wiki hiyohiyo, na Lázaro mwenyewe akambebea jiwe la kusagia mpaka kijijini. Pande tatu tulibaki nazo, hakuna aliyezigusa. Mahindi ya upande wa mawio yalikauka mwaka wa pili. Shangazi tulimpa chumba karibu na kanisa, akaishi humo miaka sita bila kukubali kukikandika kuta, akisema yeye ni mtu wa kurudi kwake. Kila Jumapili baada ya misa alinisubiri hapo nje.

"Jibu limefika?"

"Bado, Shangazi."

"Wanachelewa," alikuwa anasema, na uso wake unachangamka kabisa. "Basi wanalifikiria."