Siku Mwalimu Sifuna Alipoukabili Upepo

Kwa miaka thelathini na mmoja Mwalimu Sifuna alifundisha fizikia katika shule moja ya Kimilili, na kwa miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumsikia akisema "sijui". Ukimuuliza swali lililomshinda, alikohoa kidogo, akapangusa chaki mikononi, kisha akakupa jibu. Mara nyingi jibu lilikuwa sahihi, tumpe haki yake. Lakini kulikuwa na somo moja la kidato cha tatu lililomkosesha raha, na hilo ndilo lililomfanya mtu wa miaka sitini na mbili, mzee wa kanisa tena babu, ajenge mashua mahali ambapo maji ya karibu ni ya kunywesha ng'ombe.

Somo lenyewe lilikuwa la nguvu na mishale yake. Mwalimu alichora mashua ya tanga ubaoni, akachora upepo unaotoka mbele, halafu akawaambia wanafunzi kwamba mashua hiyo inaweza kwenda kule kule upepo unakotoka, mradi iende mshazari, mara kushoto, mara kulia. Wanafunzi waliandika bila kubisha, maana nani atabishana na kitu kitakachotoka kwa mtihani? Kwenye mchoro wa kitabu kulikuwa na mshale mmoja mdogo chini ya mashua, ukielekea ubavuni. Huo Mwalimu hakuuelewa, kwa hivyo kila mwaka aliuruka.

Mwaka mmoja darasani alikuwemo binti yake mwenyewe, Nasike. Yeye ndiye aliyeinua mkono.

"Mwalimu," akasema, kwa sababu shuleni hakumwita baba, "wewe umeona hii kitu ikifanyika, ama ni kitabu tu imesema?"

Darasa likacheka. Mwalimu akakohoa, akapangusa chaki. "Nimeona," akasema. "Na nimeendesha mashua kama hiyo kwa mikono yangu, kule ziwani, Port Victoria."

Uongo mtupu. Port Victoria alikuwa amefika mara moja tu, kwa mazishi, na mvua ilinyesha siku nzima hata ziwa hakuliona vizuri.

Unaweza kusema huo ni uongo mdogo, nami ningekubaliana nawe, ila Nasike aliubeba. Aliipenda fizikia tangu siku ile, kwa sababu baba yake hakuwa mtu wa kukariri vitabu, alikuwa ameona. Aliisomea chuoni, na sasa anaifundisha yeye mwenyewe huko Bungoma. Kila mwaka akifika kwenye somo la mashua huwaambia watoto, "Baba yangu amefanya hii." Mwalimu Sifuna alilijua jambo hilo, na kila alipolikumbuka alikosa usingizi. Tena haikuwa aibu peke yake iliyomsumbua. Alitaka kujua. Je, ilikuwa kweli, au alikuwa amewalisha watoto wa watu maneno matupu maisha yake yote?

Basi alipostaafu alitafuta michoro ya mashua ndogo, akanunua plaiwudi, akaanza kupima na kukata uani. Jirani mmoja alisimama kwenye ua akauliza, kwa heshima zote, ni nani aliyefariki. Mke wake Edah, ambaye kazi yake ni kushona maturubai ya malori, alishona tanga. Alilipiga pindo mara mbili, kwa sababu, alisema, vitu vya Mwalimu huraruka. Trela walichomelewa na fundi mmoja wa Matisi, kule Kitale, ambaye mpaka anakabidhi kazi hakuamini kwamba si ya kubebea ng'ombe mgonjwa. Kazi yote ilichukua miaka miwili.

Ijumaa moja jioni watu wa kanisa walikuja kuiombea mashua, kama wanavyoombea kila kitu kipya, kiwe zizi au pikipiki. Walikuja wengi kuliko viti. Mtu fulani akaona mbao pana, iliyopigwa randa na vanishi, imeegemezwa ukutani. Akailaza juu ya mawe mawili, na Mama Phelista na wenzake wawili wakakaa wakapewa chai. Kesho yake, Mwalimu alipopakia vitu vya mashua, mbao hiyo ilikuwa imeshakuwa benchi, na nani hupeleka benchi majini?

Nasike alikuwa amekuja kutoka Bungoma na binti yake Sandra, wa miaka saba. Pikapu ya mume wa Nasike ikavuta trela hadi nje ya mji wa Kitale, kwenye shamba la Kiplangat, rafiki wa Mwalimu tangu chuo cha ualimu. Kiplangat ana bwawa pana, refu kama viwanja viwili vya mpira. Ng'ambo yake kuna mikaratusi, na upepo wa siku hiyo ulitokea huko.

Mlingoti ulisimama mara ya tatu. Mara mbili za kwanza kamba ya mbele ilifungwa vibaya. Edah alilipandisha tanga mwenyewe, akitazama kila mshono. Walipoisukuma trela majini na mashua ikaelea, ikatingisha kichwa kidogo na kutulia, hata Kiplangat, mtu asiyesifu kitu, alisema, "Eh, imekaa."

Nasike akamfunga Sandra jaketi la kuelea, akamnyanyua. "Haya, enda na Kuka, babu yako."

"Ngoja kwanza," Mwalimu akasema. "Mtoto abaki."

"Mbona? Si uliendesha Port Victoria, bana? Hii ni bwawa tu."

Mwalimu akaingia peke yake, akashika usukani kwa mkono mmoja na kamba ya tanga kwa mwingine. Alielekeza pua ya mashua mshazari wa mikaratusi, kama alivyochora mara thelathini na moja, akavuta kamba. Tanga likajaa. Mashua ikaanza kwenda, na moyo wake ukaenda nayo.

Lakini ilikwenda ubavu. Pua ilitazama mikaratusi na mwili ukaelekea kwenye matete ya ukingoni, kama ng'ombe anayekataa josho. Alirudi akajaribu tena. Alijaribu mara nne, na mara nne matete yakampokea.

"Baba, kule mlikuwa mnafanyaje?" Nasike aliuliza kutoka ukingoni.

Mwalimu Sifuna alikuwa amesimama majini mpaka kiunoni, kashikilia mashua. Alikohoa. Akapangusa mikono, ingawa haikuwa na chaki. Akamwona mjukuu wake na jaketi lake la rangi ya chungwa, amesimama tayari kupanda kwa sababu mama yake aliamini.

"Nasike, sijawahi kuendesha mashua," akasema. "Wala kuiona. Nilikudanganya mbele ya darasa."

Kiplangat akageuka kutazama ng'ombe wake.

"Mimi huwaambia watoto wa watu," Nasike alisema, na sauti yake ilikuwa na hasira. "Kila mwaka, Baba. Huwa nawaambia."

"Najua."

"Sasa haiwezekani? Ni uongo pia?"

"Sijui," Mwalimu akasema.

Edah akainua kichwa. Miaka thelathini na saba ya ndoa, na hilo neno hakuwa amelisikia kwake. Aibu ya mume wake ilimuuma, lakini si mtu wa kusimama akiangalia. Alivua viatu, akaingia majini na sketi yake, akachungulia ndani ya mashua kama anavyokagua turubai la mteja.

"Na hii shimo hapa katikati ni ya nini?"

"Ni ya mbao ya kati."

"Iko wapi?"

"Mama Phelista aliikalia jana," Mwalimu akasema.

"Na inafanya nini, hiyo mbao?" Nasike aliuliza. Hasira ilikuwa bado iko, lakini alikuwa ameshavua viatu naye.

Mwalimu alikuwa ameitengeneza kwa sababu michoro ilisema aitengeneze, basi. Sasa aliyatazama matete, akalitazama lile tundu, na kichwani mwake ukatokea ule mshale mdogo wa kitabuni. "Inashuka ndani ya maji," akasema polepole. "Upepo ukisukuma mashua ubavu, maji yanaikatalia mbao. Ndiyo ule mshale, Nasike. Nimeuruka miaka yote kwa sababu sikuuelewa."

"Na mimi huuruka," Nasike akasema. "Nilifundishwa na wewe."

Kiplangat aliwaletea msumeno na mbao moja ya ghala la mahindi. Walipima na kukata huko huko ukingoni, Sandra akikalia mbao isitikisike. Haikuwa na vanishi, lakini iliingia. Nasike akapanda, akaichukua kamba ya tanga bila kuuliza. Mwalimu akashika usukani.

Mashua ikaanza kuteleza ubavu, ikasita, kisha ikashika njia. Ilikwenda mshazari hadi karibu na ukingo wa kushoto. Wakageuza, tanga likapita juu ya vichwa vyao, wakaenda kulia. Upepo uliwapiga usoni muda wote, na mikaratusi ikazidi kukaribia. Mwalimu Sifuna aliona machozi yakimtoka, akayaacha.

Waligusa ng'ambo ile, chini ya mikaratusi yenyewe. Kwa mbali Sandra alikuwa akirukaruka, akidai zamu yake.

"Jumatatu nina kidato cha tatu," Nasike akasema.

"Utawaambia nini?"

Nasike alikuwa amelowa hadi kifuani, na hakumtazama, alikuwa akitazama tanga. "Nitawaambia mwalimu wangu alinidanganya," akasema, "na kwamba ni kweli."

Akavuta kamba, wakageuza kwenda kumchukua mtoto.