Aili Rautio na Tawi Lililolalia Waya

Kwenye barabara ile ya msituni, kaskazini mwa Michigan, karibu kila nyumba ina msumeno wa mnyororo. Hata hivyo, tawi likivunjika uani, watu huuliza kwanza, "Aili yupo?"

Aili Rautio alikuwa mpishi wa shule mpaka alipostaafu. Msumeno aliushika ukubwani, baada ya mumewe, Reino, kuumia. Reino alikuwa akipogoa mtufaha, ncha ya msumeno ikagusa tawi ambalo hakuliona, mashine ikaruka na kumrudia begani. Alipona, ila mkono wa kushoto haukupanda tena kupita kidevu. Ndugu wakataka mashine iuzwe. Aili akakataa. Alikwenda kwa wakata miti, akajifunza majira yote ya baridi, akarudi na suruali nene ya kukinga miguu, kofia ngumu yenye wavu wa uso, na ukaidi wa aina yake: miguu ibaki chini, mikono yote miwili ishike, msumeno usipande juu ya bega. Mti ukitaka zaidi ya hapo, yeye si mtu wake.

Oktoba moja theluji nzito ilianguka miti ikiwa bado na majani. Matawi yakavunjika, umeme ukakatika. Asubuhi Aili alikuwa akinywa kahawa aliposikia msumeno ukinguruma kwa Waino, mdogo wake Reino.

"Sauti inatoka juu," alisema, akaweka kikombe chini.

Alimkuta Waino kwenye ngazi, kichwa wazi, mkono mmoja umeukumbatia mti wa mwaloni na mwingine unauyumbisha msumeno. Mbele yake tawi nene lilikuwa limelalia waya wa umeme uingiao nyumbani kwake.

Aili hakusogea karibu wala hakupiga kelele nyuma ya mgongo wake. Mtu akishtuka juu ya ngazi ndiyo basi tena. Alizunguka akasimama mbali, mahali atakapoonekana, akapunga mikono yote miwili. Waino akazima.

"Shemeji! Umekuja kunikagua au kunipikia?"

"Shuka, Waino."

"Dakika mbili tu namaliza."

"Dakika mbili ndizo zilizomla bega kaka yako. Shuka, na huo waya usiuguse."

"Waya gani? Barabara nzima giza! Umeme hakuna, mama, hata kuku wanajua."

"Basi watu wa umeme waje waniambie hivyo. Nitawangoja."

Waino alishuka akinung'unika kwamba Reino alioa sajini. Aili alimwacha anung'unike. Moyoni alikuwa na hofu, na hakuona haya kuwa nayo. Aliwapigia simu watu wa umeme, akavaa kofia, akaweka breki ya mnyororo, akauwasha msumeno wake ukiwa chini ardhini, akaanza na matawi yaliyokwisha kuanguka mbali na waya. Lililopinda kama upinde hakulivamia. Alilichungulia kwanza ajue litarukia wapi, akasimama upande wa pili, akalichanja kidogo kidogo mpaka likaishiwa nguvu.

Mchana fundi wa umeme akafika. Alipima waya, akarudi nyuma hatua kadhaa.

"Una moto huu," alisema. "Nani hapa ana jenereta?"

Waino akageuka kuitazama nyumba yake. Jenereta lilikuwa likiunguruma nyuma ya banda. Alikuwa amelichomeka kwenye soketi ya jikoni ili chakula cha kwenye friji kisiharibike, swichi kuu hakuizima, na umeme ule ukawa unatoka nyumbani kwake kuufuata waya ule ule.

Akakaa kwenye gogo, glavu mapajani.

"Aili," alisema baadaye, kwa sauti ndogo. "Ningeukata."

"Ungeukata," Aili akajibu. "Hujaukata. Kazime hiyo mashine."

Fundi aliliondoa tawi. Aili akamalizia lililobaki, Waino akiburuta vipande pembeni, mbali na msumeno, bila kuambiwa. Jioni ile Waino aliwasha moto wa sauna, kibanda chake cha kuogea mvuke, akawaita shemeji na kaka yake. Reino alipouliza siku ilikwendaje, Waino ndiye aliyesimulia yote, hakuficha hata ngazi. Aili alikuwa ameegemea ukuta wa mbao, macho kafumba, mikono ikimuuma kwa uchovu, akiusikia mvuke ukipanda.