Maji Yanayokula Sabuni

Birika la nyumbani kwetu Iringa lilikuwa linabisha hodi kabla halijachemka. Lilianza kwa mlio mdogo chini kabisa, ko, likanyamaza, kisha ko-ko, kama mtu aliyesimama nje ya mlango na hana uhakika kama wenyeji wameamka. Asubuhi za kipupwe, ukungu ukiwa umeziba dirisha na sisi tumejikunyata kuzunguka jiko la mkaa, hiyo ndiyo sauti ya kwanza niliyokuwa naisikia. Hakuna aliyeitika. Baba aliendelea kufunga kamba za viatu vyake. Mimi, nikiwa na miaka saba, nilikuwa nimekwisha kujua anayebisha ni nani, na nilinyamaza kwa sababu zangu.

Mama yangu alifariki mwishoni mwa masika. Wanawake walimwosha chumbani, nami nikakaa sakafuni nimeegemea mlango uliofungwa, kwa kuwa hakuna aliyekumbuka kuniondoa. Nilisikia maji yakimiminwa kwenye beseni. Kisha nikamsikia shangazi, dada yake baba, aliyekuja kutoka Kilolo, akisema kwa uchovu, "Leteni mche mwingine wa sabuni. Maji haya yanakula." Mtaani kwetu kila mtu alisema hivyo. Bomba letu lilileta maji ya kisima kirefu, na sabuni humo haikutoa povu. Ilikatikakatika ikaelea kama maziwa yaliyoharibika, na nguo nyeupe zikawa za kijivu na ngumu kama boksi. Maji yanakula sabuni ni namna ya kusema tu, lakini mtoto aliye nyuma ya mlango hajui namna ya kusema. Nilichosikia mimi ni kwamba maji yanakula, na kwamba aliyekuwa humo ndani pamoja nayo ni mama. Baada ya mazishi nilichungulia ndani ya birika nikaona ukoko mweupe umeshika pande zote, mgumu, wenye vinundu kama mfupa. Basi nikapata jibu langu. Maji yalikuwa yamemla, na hapa ndipo yalipomweka.

Sikuogopa. Nilifurahi, na sioni haya kusema hivyo leo. Nilikuwa nangoja baba aende kazini, kisha nachuchumaa mbele ya jiko na kuuliza, "Mama, ni wewe?" Birika likajibu, ko. "Umelala vizuri?" Ko-ko. Wakati mwingine kipande cheupe kilibanduka kikaangukia kikombeni mwangu, chepesi kama ganda la yai. Sikukitoa. Nilikiacha kinishuke kooni pamoja na chai, kikikwaruza, nikikaa kimya mpaka nihisi kimefika.

Kabla miezi mitatu haijaisha baba alioa tena. Mama mdogo alitoka Tukuyu, ambako mvua hainyeshi kwa msimu bali kwa mazoea, na maji yake, kama alivyotuambia siku ya kwanza, ukiyagusa na sabuni povu linakufika viwikoni. Alikuwa mwanamke mwembamba, mcheshi, aliyekuja na mkungu wa ndizi na sufuria zake mwenyewe zinazong'aa. Ucheshi ule haukumaliza wiki mbili. Sufuria zilishika weupe ambao hata majivu hayakuutoa. Viganja vyake vikapasuka. Na maharage hayakuiva. Aliyabandika asubuhi, akaongeza mkaa, akaongeza maji, na jioni tulitafuna kitu kama changarawe zilizopata moto. Baba alikula kimya siku tatu, siku ya nne akarudi nyumbani amekwisha kula kwa mama ntilie wa kona, yuleyule aliyetulisha tangu msiba. Majirani wangeweza kumsaidia kwa neno moja, lakini bibi harusi gani anatoka kwenda kuuliza jirani namna ya kupika maharage?

Shangazi alikuja kututembelea, akaonja, akaweka kijiko chini. Kwao Kilolo walichota maji ya kijito, na maharage hayakuwahi kumsumbua mtu. "Wifi," akasema taratibu, bila ubaya wowote sautini, "hii nyumba ina mwenyewe." Mle jikoni birika likabisha. Nilimwona mama mdogo akigeuza shingo na vinyweleo vya mikono yake vikisimama, na moyo wangu mdogo wenye kinyongo ukacheka.

Hapo lazima niseme habari ya kopo. Mama alikuwa na kopo dogo la bati, na kila alipobandika maharage alichukua humo kipande cha kijivu, akakidondosha ndani ya sufuria na kuniambia, "Dawa ya maharage hiyo." Siku ya msiba nililichukua nikalificha chini ya godoro langu, si kwa hila, ila kwa sababu kifuniko kilikuwa bado kina alama za vidole vyake vyenye unga. Baadaye, nilipoona maharage ya mama mdogo yanavyogoma, nilielewa vizuri kabisa nilichokuwa nimekilalia. Nilijiambia kwamba nikilitoa, shangazi atasikia neno dawa na kumfikiria mama vibaya. Huo ulikuwa uongo. Nilitaka yule mwanamke aondoke, nibaki na baba na birika.

Shangazi alirudi Jumapili na kikapu cha maharage. "Haya nimeyavuna juzi," akamwambia baba mbele yetu sote. "Mapya hayanaga ubishi. Yakikataa na haya, wewe ujue umeambiwa. Nampeleka stendi mwenyewe leo hii, arudi kwao kwa heshima kabla hajapatwa na jambo." Baba hakusema ndiyo wala hapana, na kwa baba hiyo ilikuwa ndiyo. Wakatoka kwenda ibadani. Mama mdogo aliniomba nibaki naye, na nadhani aliogopa kuachwa peke yake na yale maji.

Akabandika maharage kwenye jiko moja na birika kwenye lingine. Kisha akapiga magoti. Nilikuwa nimesimama nyuma ya pazia la mlango, na hakujua kama nipo karibu. Alisogeza uso wake karibu na birika, akasema kwa sauti ya chini, "Dada, nimekukosea nini? Mtoto wako namtunza. Nguo zake nafua mpaka damu. Sijakuja kukufuta. Nikubalie nikae." Akangoja. Birika likajibu, ko. Likanyamaza. Ko-ko.

Ni sauti ileile. Ileile niliyojibiwa mimi nilipouliza kama amelala vizuri. Hapo nikaelewa kwamba birika linamjibu mtu yeyote. Yule mwanamke alikuwa amepiga magoti, machozi yanamdondoka kwenye kanga, akimwomba mama yangu ambaye hakuwemo. Nilikwenda kwenye godoro, nikarudi, nikamwekea kopo mkononi.

Alilifungua, akanusa, akagusisha ulimi. "Magadi," akasema. "Mama alikuwa anaweka?"

"Ndiyo. Kila akipika maharage."

Aliketi kwenye kigoda. "Kumbe hata yeye yalimsumbua," akasema. Hakuniuliza kopo lilikuwa wapi. Alisema tu, "Ndaga, mwanangu," asante ya kwao, akadondosha kipande. Waliporudi kutoka ibadani maharage yalikuwa yamevunjika yenyewe kwenye uji wake. Shangazi alikula sahani mbili, akaenda stendi peke yake. Mimi nilikwenda nyuma ya nyumba nikalia kuliko nilivyolia siku ya mazishi, kwa sababu siku hiyo ndiyo mama yangu alikufa kwangu.

Sasa ninaishi Mbeya, Iyunga, na maji yetu yanatoka milimani. Kipande cha sabuni kinakaa wiki nzima, mashati ya wanangu ni meupe, na birika langu huchemka kimya, ndani linang'aa kama siku nilipolinunua. Najua ule ukoko ulikuwa chokaa iliyotoka mawe ya ardhini, na kwamba mvuke ukikwama chini yake hugonga. Najua yote hayo, na bado kuna asubuhi najikuta nimesimama mbele ya jiko nikisikiliza, na ukimya ule unanitia hofu kuliko hodi yoyote.

Nilikwenda Iringa hivi karibuni. Baba hayupo tena. Mama mdogo amezeeka, sufuria zake anazisugua kwa ndimu na zinang'aa, ila birika ni lilelile, zito, mdomo umebaki tundu la kupita penseli. Nikamuuliza kwa nini hajawahi kulisugua. "Wewe ulikuwa unaongeaga nalo," akasema. "Nilikusikia tangu wiki ya kwanza. Ningelisugua, ningekuambia nini?" Tukakaa, yeye akichambua maharage kwenye ungo, mpaka chini kabisa ya birika kukagonga, ko, kisha ko-ko. Mama mdogo hakuinua macho.

"Karibu," akaitika.